Ubishi wa Pigo la Kombo

Jumapili, jioni

Jana tumebishana tena kuhusu Pigo la Kombo, moja ya mapigo ya upanga tunayojifunza, na safari hii ubishi umechukua muda kuliko mazoezi yenyewe. Tulikuwa kwenye uwanja wa shule ile ya upande wa Bwiru, jua halijawa kali, upepo wa ziwani unatupulizia vumbi machoni. Mlinzi wa shule, ambaye siku hizi ametuzoea, alivuta kigoda chake akasogea. Huyu mzee anatupenda tukigombana kwa maneno. Tukianza kupigana kwa panga anasinzia.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: tunajifunza upanga mrefu wa Ulaya ya kale, ule wa kushikwa kwa mikono miwili, kwa kufuata maandishi ya walimu walioishi kuanzia karne ya 14 hadi ya 16. Sio maigizo. Wapo watu nchi nyingi wanaofanya hivi, wana mashindano yao na panga za chuma zisizo na makali. Sisi ni kikundi kidogo cha Mwanza chenye panga za mbao, barakoa za kukinga uso tunazopokezana, na picha za hati za kale tulizozipakua kwenye simu.

Mwalimu wetu mkuu ni Johannes Liechtenauer, Mjerumani wa karne ya 14. Tulichonacho kutoka kwake ni shairi, na shairi lenyewe ni la mafumbo kwa makusudi. Waliomfuata wanaeleza kwamba aliyaficha maneno yake ili walimu wepesi wepesi wasiyachukue wakayasambaza ovyo. Ikabidi watokee wafafanuzi: Sigmund Ringeck ni mmoja, na ipo hati ya mwaka 1452 inayobeba jina la Peter von Danzig. Wanachukua ubeti, wanauweka juu, wanaandika chini yake ulikuwa na maana gani.

Mimi ni Msukuma, kwa hiyo mambo haya hayanishangazi hata kidogo. Babu yangu alicheza ngoma upande wa Bagika, moja ya vyama viwili vya ngoma za kwetu, na wapinzani wao walikuwa Bagalu kama ilivyo mpaka leo. Manju wa Bagika, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, akiimba kuhusu fisi mbele ya umati, hakuna mtu uwanjani anayedhani anamsema fisi. Na dawa zake za kuvuta watu hazifundishi kwa kila anayekuja na mbuzi. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna bingwa aliyeficha upanga wake ndani ya mashairi, naona ni akili ya kawaida tu.

Turudi kwenye Kombo. Liechtenauer ana mapigo matano makuu, na sisi tumeyapa majina ya uwanjani: Hasira, Kombo, Mkingamo, Makengeza na Utosi. Hasira ni pigo la kutoka begani, yeyote aliyewahi kufyeka kichaka anaanza nalo bila kufundishwa. Kombo ndilo linalotugombanisha. Shairi linasema hivi, kwa Kiswahili chetu: piga kombo kwa wepesi, tupa ncha mikononi. Basi. Ringeck anaongeza kwamba adui akikushushia pigo kutoka kulia kwake, ruka kwa mguu wa kulia uende kulia kwako, utoke kwenye njia ya pigo, upige mikono yako ikiwa imepishana, ncha yako ishukie mikono yake.

Ukisoma unaona yamekamilika. Shika upanga sasa. Mikono ipishane lini? Kabla hujapiga, au pigo ndilo linaloipisha? Uruke kiasi gani? Ukienda mbali mno, mikono yake huifikii. Ukienda kidogo, upanga wake unakukuta njiani. Na makali yapi yanagusa, ya mbele au ya nyuma?

Mwalimu wa hisabati, ambaye ndiye msomaji wetu hodari, anashikilia kwamba mikono inapishana mapema na upanga unazunguka mbele ya mwili, unafagia pigo la mwenzako huku wewe unahama. Alichora pembe mavumbini kwa kisigino. Nesi, ambaye alitoka zamu ya usiku akaja mazoezini bila kulala, alimtazama mpaka akamaliza, kisha akasema, “Mwalimu, samahani, hilo si pigo. Hiyo ni waipa ya gari.” Mlinzi alicheka mpaka akakohoa. Nesi yeye anasema Kombo ni pigo kamili, linatoka nyongani, linatupwa kwa nguvu, na mikono inapishana yenyewe mwishoni kwa sababu haina pengine pa kwenda.

Tukajaribu. Mimi ndiye niliyekuwa nashusha mapigo, maana nina mkono mrefu na siku za wiki nashinda soko la Mwaloni nikihesabu magunia ya dagaa, kwa hiyo Jumamosi huwa nina hamu ya kupiga kitu. Kwa mwendo wa polepole njia ya mwalimu ilifanya kazi kila mara. Upanga wangu ulisukumwa pembeni vizuri kabisa, ncha yake ikatua juu ya vidole vyangu. Tukavaa barakoa, tukaongeza mwendo, ikaanza kuchelewa. Ya nesi ikawa kinyume. Akiniwahi, nilipata pigo la mikono ambalo hata glovu nene ya pikipiki haikulizima. Akichelewa kidogo tu, nilimpiga utosini, na alikasirika kweli.

Ninachokiamini mimi, na hili nimelisema jana kwa sauti, ni kwamba mazoezi ya polepole yana uongo wake: mwenzako anakusubiri. Anashusha upanga huku anajua unachotaka kufanya, anakupa nafasi bila kukusudia. Mwendo wa kasi nao una uongo wake, kwa sababu watu wanaacha kupiga Kombo wanaanza kujiokoa. Kweli iko katikati, mahali ambapo hakuna mtu anayestarehe.

Kuna hati iliyoko Nürnberg ambayo mara nyingi inahusishwa na mwaka 1389. Ndani yake mambo ya upanga yamechanganyika na namna ya kukipa chuma ugumu na mapishi mengine kadhaa ya nyumbani, kitabu cha mtu aliyekuwa anaandika kila alichokipenda. Mwandishi wake anakiri kwamba mapigano hayaelezeki kwa maandishi kama yanavyoonyeshwa kwa mkono. Halafu anasema mazoezi bila elimu yana faida, lakini elimu bila mazoezi haina. Mwalimu wa hisabati hapendi nikitaja sehemu hiyo. Anasema naitumia kama rungu. Kweli, naitumia.

Jana nilimkumbuka sana kaka wa karate. Alikaa nasi tangu mwanzo, ana mkanda wa kahawia, na ndiye aliyetufundisha kuanguka bila kuvunjika mkono. Aliondoka mvua za masika zilipoanza. Hakugombana na mtu. Siku ya mwisho tulikaa kwenye jiwe tunakunywa maji, akaniuliza, “Dada, hivi hapa nani anaamua?” Nikamwambia hakuna, tunasoma, tunajaribu, tunabishana. Akanyamaza kidogo. “Basi naweza kujifunza kitu cha uongo miaka kumi na nisijue.”

Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo sinalo. Nilimwambia kwamba hata karate ya kuvaa sare na kupanga mistari haina umri mkubwa kama watu wanavyodhani, kwamba Funakoshi aliionyesha Tokyo mwaka 1922 tu akitokea Okinawa. Akanijibu kwa upole kwamba hilo si neno, kwa sababu aliyemfundisha alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu, na wote waliguswa bega na kuambiwa, hapana, hivi. Mnyororo upo. Wetu ulikatika. Panga zilibadilika, zikawa nyembamba na nyepesi, vita vikawa vya bunduki, na hakuna aliyebaki wa kumgusa mwanafunzi bega akamwambia Kombo la Liechtenauer linapigwa hivi.

Na hofu yake ina ushahidi. Mwaka 1885 Mwingereza Egerton Castle alitoa kitabu kikubwa cha historia ya shule za upanga. Yeye na mwenzake Alfred Hutton walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujaribu kufufua mambo ya kale, walifanya hata maonyesho. Lakini Castle huyohuyo aliyatazama mapigano ya Zama za Kati akaona ni nguvu za mwili tu, yasiyo na usanii. Mtu msomi, mpiga upanga, mwenye maktaba karibu naye. Tukimsoma leo tunatikisa kichwa. Atakayetusoma sisi atatikisa vilevile, na pengine ni kwa sababu ya waipa ya mwalimu.

Mimi hilo halinifukuzi. Nimekulia kwenye mambo ambayo tayari yana mwenye kuamua: kanisani, kazini, kwenye vikao vya ukoo ambako mwanamke anapewa nafasi ya kusema ugali ukishaiva. Hapa uwanjani naweza kumwambia mtu mwenye shahada, “Fanya tena, sijashawishika,” na akafanya tena. Sijui ni wapi pengine Mwanza ninaweza kupata hilo kila Jumamosi bure.

Kuna swali jingine tunaloulizwa na wapita njia. Mzee mmoja anayepeleka baiskeli yake ya samaki upande ule alisimama kututazama, tukasalimiana, akauliza ni mchezo wa wapi. Tukamwambia. Akasema, “Hao si ndio waliowachapa babu zetu viboko?” Hatukuwa na ujanja wa kukwepa. Jiwe ambalo watalii wanalipiga picha pale mjini bado linabeba jina la Bismarck, na mji huu ulikuwa mikononi mwa Wajerumani mpaka Waingereza walipouchukua mwaka 1916. Mwalimu akajaribu kumweleza kwamba Liechtenauer aliishi miaka mia tano kabla ya hao, na kwamba waliotutawala walikuja na bunduki, upanga wa mikono miwili ulikuwa umeshasahaulika huko kwao. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. “Haya. Sasa na wao wanajifunza fimbo za kwetu?” Akapanda baiskeli. Nimelifikiria swali hilo kuliko maelezo yote ya mwalimu. Vijana wetu wa kuchunga ng'ombe wanapigana fimbo toka utotoni na wanajua kukinga, kuhama na kuvizia mikono, na mambo yao hayo hayapo kwenye simu ya mtu yeyote.

Ila ng'ombe kwa ng'ombe tunaelewana na wazee hawa. Liechtenauer ana mikao minne ya kusubiria adui, na miwili kati yake ni Maksai na Plau. Maksai unashika upanga juu kando ya kichwa, ncha imeelekea uso wa mtu, ni pembe kabisa. Plau upanga uko chini nyongani, ncha inapanda. Ukimwelekeza kijana wa Magu au Kwimba huhitaji kurudia.

Vifaa niseme kwa kifupi maana wengi wananiuliza. Upanga halisi wa aina hii ulikuwa na uzito wa kilo 1.2 mpaka 1.6 hivi, sio chuma cha kubebwa na majitu kama kwenye filamu. Wa mbao tunatengenezewa na fundi wa Mabatini. Wa kwanza aliutengeneza mnene kama mchi kwa huruma, akidhani tutavunja. Siku hizi anapunguza vizuri na anaweka mviringo kwenye makali ili usichane ngozi. Barakoa ndiyo gharama, na bila barakoa hakuna kudunga usoni, hakuna kasi, hakuna mjadala. Helmeti ya bodaboda haifai, uso uko wazi. Vidole ndivyo vinavyoumia zaidi kwenye upanga mrefu, kwa hiyo anayetaka kuja aanze kutafuta glovu kabla ya kitu kingine chochote.

Tumekubaliana Kombo lipumzike kidogo, watu wapoe. Jumamosi ijayo tunahamia kwenye hati iliyoko Leeds, Uingereza, ambayo ni ya zamani kuliko zote zinazojulikana za mapigano ya namna hii Ulaya, ya mwanzoni mwa karne ya 14. Ni upanga wa mkono mmoja na ngao ndogo ya kushika ngumini. Anayefundisha kwenye michoro yake ni padri, na kanzu yake. Mwanafunzi wake anapigwa ukurasa baada ya ukurasa. Halafu, mwishoni kabisa, anatokea mwanamke mwenye upanga na ngao, na jina lake limeandikwa: Walpurgis. Hakuna maelezo alikuwa nani au alifikaje pale. Amesimama tu, anafanya kazi. Niliwaonyesha nesi na wale wasichana wawili wa chuo, tukapokezana simu mpaka chaji ikaisha.

Fundi ameshakata ngao, duara za mbao zenye kishikio cha ngozi katikati. Tatizo limeshaanza kabla hata hatujazichukua. Mkao wa kwanza wa padri unauficha upanga chini ya kwapa la kushoto, na kwenye mchoro watu wote wameinama mbele kama wanachungulia kisima. Mwalimu ametuma ujumbe leo asubuhi, watu wakiwa kanisani, kwamba kuinama huko ni mtindo wa mchoraji tu. Nesi amemjibu kwamba padri alikuwa anaficha tumbo. Mimi nadhani wanainama ili kichwa kikae nyuma ya ngao na miguu iwe mbali na mwenzako, na nimeshamwambia mdogo wangu asimame na mfuniko wa sufuria hapo uani nijaribu kabla hakujawa giza.