Kabla hujatia hela kwenye boksi la wasioona

Msimu wa korosho ukishachanganya huku Mtwara na hela zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, wachangishaji nao wanaibuka, stendi wapo, sokoni wapo, mpaka mlangoni wanapiga hodi, na wengi wanasema wanachangia wasioona. Kuchangia ni jambo jema sana, ila jamani tuulize kibali.

Juzi kaja kijana na boksi limezungushiwa selotepu, barua yake fotokopi ya fotokopi, muhuri hausomeki hata ni wa ofisi gani. Mjomba wangu haoni, alikuwa barazani anasuka ukili, akaitikia shikamoo yake halafu akamuuliza, "Mwanangu, hao wasioona ni wa wapi, na nani kati yao anajua zimepatikana shilingi ngapi?" Kijana akasema mpaka akamuulize bosi wake.

Swali la mjomba ndo lenyewe. Uingereza walilitungia sheria tangu 1920, mwaka uleule wasioona walitembea kwa miguu toka Manchester, Leeds na Newport mpaka London wakidai haki na sio sadaka. Sheria ikachukua utaratibu wa 1916 uliobana michango ya vita, ikasema ni marufuku kuomba watu michango kwa ajili ya wasioona kama chama hakijasajiliwa.

Kwetu pia ipo, Sheria ya NGO Na. 24 ya 2002, shirika lazima lisajiliwe lipewe cheti, na kila mwaka litoe ripoti ya kazi zake ambayo mwananchi anaruhusiwa kuiona. Halafu Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, kipo tangu 1964, sasa kwa nini tuchangie wasioona bila kuwauliza wasioona wenyewe?

Kinachoniuma ni kwamba watu wakishatapeliwa mara moja wanabana mkono kwa wote, hata kwa mtoto wa shule anayehitaji kweli fimbo nyeupe au vitabu vya nukta nundu.

Na hizi za kutuma kwa simu ndo za kuangalia zaidi, kabla hujaweka namba ya siri jina linatokea, tangazo likisema shirika halafu likatokea jina la mtu binafsi usitume kwanza, piga picha hilo tangazo umpelekee afisa maendeleo ya jamii pale halmashauri, umuulize kama shirika hilo analijua.