Mama alivyotengenezwa vali ya moyo bila kupasuliwa kifua

"Huo ni uzee tu, mwacheni apumzike." Daktari wa kwanza alituambia hivyo, na hadi leo yananikera. Mama, mwenye miaka 80 na ushee, alikuwa akilala ameketi, miguu imevimba, akihema kwa kwenda chooni tu. Vali ya mitrali, mlango wa damu kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo, ilikuwa inavuja: kila moyo ukidunda, damu nyingine inarudi upande wa mapafu. Huo si uzee, ni ugonjwa, na una matibabu.

Mwenye mzee wa hali hii aulize: je, vali yenyewe imeharibika, au moyo umepanuka ukaivuta ikashindwa kufunga? Moyo ukiwa umepanuka, dawa hutangulia, klipu (kibanio kidogo kinachoshikanisha vipande vya vali) hufuata kwa anayefaa. Mwaka 2018 utafiti wa COAPT ulionyesha klipu ikipunguza vifo kwa wagonjwa wa namna hiyo, lakini ule wa MITRA-FR haukuona tofauti. Basi kuchagua mgonjwa ndiyo kazi. Kwa Mama, vali yenyewe ndiyo iliyoharibika: uzi unaoishikilia ulikuwa umekatika, na bingwa wa moyo akasema upasuaji wa kifua hataustahimili.

Alipewa nusukaputi. Katheta, mrija mwembamba unaobeba klipu, ikapitia mshipa wa kinena, ikatoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, eko (kipimo cha mawimbi ya sauti) iliyoingizwa kwenye umio ikiwaonyesha madaktari njia. Baadaye bingwa alitufungulia picha. Klipu ilibana vipande viwili vya vali katikati, lakini damu bado ikafoka pembeni, rangi inayoonyesha damu inayovuja imetapakaa kwenye skrini. Wakaifungua, wakaisogeza kidogo tu, wakabana upya. Ikabaki michirizi miembamba. Uzuri wake ndio huo: kabla haijaachiwa, inafunguliwa na kubanwa tena. Nikamuuliza, "Daktari, kwa nini msiongeze ya pili mkamaliza kabisa?" Akasema vali ikibanwa mno, njia inakuwa nyembamba na damu inakwama kushuka.

Fedha nyingi zilikwenda kwenye klipu yenyewe. Bima iulizeni mapema, na jibu liwe la maandishi.

Mama alisimama kesho yake. Dawa anaendelea nazo, na kila asubuhi namweka kwenye mizani kabla hajala. Uzito ukipanda ghafla ndani ya siku mbili tatu, hayo ni maji, na simu kwa daktari napiga siku hiyohiyo.