Siku mama alipomkuta Fisi Louisiana

2019 mama alikuja kunitembelea Houston, nikampeleka Louisiana, mpaka Vacherie, kwenye nyumba ya Laura, jumba la zamani la shamba la miwa kando ya mto Mississippi. Mama kakulia Kilombero, baba yake alikuwa mkata miwa, sa tulivyoanza tu kupita katikati ya miwa akashusha kioo cha gari akakaa kimya muda mrefu. Mto wenyewe huuoni, umefichwa na tuta.

Hii nyumba sio kama yale majumba meupe ya nguzo nene, hii ina rangi za kuwaka, njano, kijani na nyekundu, ina baraza pana mbele, imejengwa 1805 na imeinuliwa juu ya matofali ili mto ukifurika maji yasifike vyumbani, na ndani hakuna korido, unatoka chumba unaingia chumba. Dada aliyetutembeza akatuonyesha mbao za saipresi, kwenye maungio kuna namba za Kirumi zimechongwa kwa patasi, yani mafundi walikata kila kipande pembeni kwanza, wakakipa namba, ndo wakaja kuunganisha. Na mafundi hao walikuwa watumwa, Waafrika. Mama akapitisha kidole kwenye ile mistari taratibu, akasema "Mwanangu, huyu alikuwa fundi haswa."

Nyuma kuna vibanda vya watumwa, na watu waliendelea kuishi humo mpaka 1977. Mama alikuwa darasa la nne mwaka huo. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Halafu dada akaeleza kwamba miaka ya 1870 msomi mmoja, Alcée Fortier, aliandika hadithi walizokuwa wanasimuliana watu wa pale kwa Kikrioli, lugha yao iliyotokana na Kifaransa, za Compair Lapin na Compair Bouki. Lapin ni sungura, mjanja, Bouki ni mlafi asiye na akili anayedanganywa kila siku, na bouki kwa Kiwolofu, lugha ya Senegal, ni fisi. Nilikuwa sijamaliza kutafsiri mama akapaza sauti, "Sungura na Fisi!" Louisiana hakuna fisi jamani, watoto waliozaliwa pale hawajawahi kumwona hata mmoja, lakini jina lake walikuwa nalo, na tabia zake zilezile!

Dada akamuomba asimulie ya kwetu. Mama akakaa kwenye ngazi za baraza, akaweka mkoba chini, akanigeukia mimi.

"Paukwa!"

"Pakawa," nikajibu, koo limenikaba.