Yadi 4 zilizopungua: nilivyojifunza kujumlisha namba mchanganyiko

Nashona barazani hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Mwaka jana, wiki tatu kabla ya Pasaka, kina mama sita wa kwaya waliniletea kazi ya sare: gauni refu na kikoti chenye mikono, vyote vya kitambaa kimoja cha zambarau. Waliniomba niwaambie wanunue yadi ngapi. Gauni moja nililipigia yadi 2¾. Kikoti nilikipimia kwa futikamba, kikamaliza futikamba nzima, inchi 60, ambazo ni yadi 1⅔.

Sasa nijumlishe. Nilichukua kalamu nikafanya hivi: 2 na 1 ni 3. Juu, 3 na 2 ni 5. Chini, 4 na 3 ni 7. Nikapata yadi 3 na 5/7. Hakuna muuzaji anayekata moja ya saba ya yadi, kwa hiyo nikapandisha hadi 3¾, nikiamini nimewawekea na akiba. Mara sita, yadi 22½. Wakaenda dukani, wakalipa, wakaniletea mzigo.

Magauni sita yalikwenda vizuri. Nilipomaliza kuyakata, nikatandaza kilichobaki mezani nipange vikoti. Zilikuwa yadi 6 tu, nami nilihitaji 10. Nilipima mara tatu. Nikafunga mashine, nikapanda daladala hadi dukani, nikakuta jora limekwisha na rangi ile haipo tena. Usiku ule sikulala. Kesho yake niliwaita wale mama, nikawaeleza kwamba kosa ni langu, si la duka. Kwa yadi moja moja iliyobaki nilimshonea kila mmoja kizibao kisicho na mikono, na nusu ya ufundi nikairudisha. Waliimba Pasaka wakiwa na vizibao. Walipendeza, lakini mimi nilijua walichokuwa wameagiza.

Mbaya zaidi, bado sikujua nilipokosea wapi. Nilidhani nimepima vibaya. Nilikuja kujua mwezi uliofuata, binti yangu wa darasa la tano alipotoka shule na daftari lenye alama nyekundu. Swali lilikuwa la kujumlisha namba mchanganyiko, yaani namba nzima na sehemu yake, zenye asili (namba ya chini ya sehemu) tofauti, na jana yake mimi ndiye niliyemwelekeza: juu kwa juu, chini kwa chini. Akaniambia taratibu, kama anayeogopa kuniumiza, "Mama, mwalimu amesema asili hazijumlishwi." Mkono wangu ukasimama kwenye gurudumu la cherehani. Zile yadi 4 zilinijia palepale.

Aliyenifungua macho ni mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja kupunguza sketi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha nikamwonyesha lile daftari. Hakuanza na kanuni. Aliniuliza, "Mwanangu, robo tatu ya yadi ni inchi ngapi?"

"27, Mwalimu."

"Theluthi mbili?"

"24."

"Jumla?"

"51."

"Basi mbona unajua? Kwa nini kwenye karatasi unaandika 5 ya 7?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Yadi moja ni inchi 36. Inchi 51 ni yadi moja na inchi 15 juu. Ukiongeza zile yadi 3 kamili, seti moja inataka yadi 4 na inchi 15. Nilikuwa nimewanunulisha yadi 3 na inchi 27. Kila seti ilipungukiwa inchi 24, na inchi 24 mara sita ni 144, yaani yadi 4 kamili. Zilezile.

Nilichoelewa siku ile ni kwamba robo na theluthi ni vipande vya ukubwa tofauti. Robo ya yadi ni inchi 9, theluthi ni inchi 12. Ukisema "robo tatu na theluthi mbili ni vipande vitano", ni kweli vipande ni vitano, lakini vitano vya nini? Si vya robo, si vya theluthi, na hakika si vya moja ya saba. Asili ni jina la kipande. Kabla ya kujumlisha lazima vyote uvikate upya mpaka viwe na jina moja. Inchi ndiyo iliyokuwa ikinifanyia kazi hiyo miaka yote bila mimi kujua.

Kwenye daftari kazi hiyo inafanywa na KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote bila baki. Vigawe vya 4 ni 4, 8, 12. Vigawe vya 3 ni 3, 6, 9, 12. Vinakutana kwenye 12. Kwa hiyo ¾ inakuwa 9/12, maana 4 imezidishwa kwa 3 na juu lazima nako kuzidishwe kwa 3. Nayo ⅔ inakuwa 8/12. Jumla ni 17/12, yaani 1 na 5/12. Rudisha zile 3, unapata 4 na 5/12. Nilichukua chaki ya kukatia nikagawa yadi moja juu ya meza vipande 12, kila kimoja inchi 3. Vitano vyake ni inchi 15. Daftari na futikamba vikasema neno moja, na hapo ndipo nilipoamini.

Binti yangu hufuata njia nyingine ya shule. Anageuza kila kitu kuwa sehemu guni kwanza, yaani sehemu ambayo namba ya juu inazidi ya chini: 11/4 na 5/3, kisha 33/12 na 20/12, jumla 53/12, akigawanya anapata 4 na 5/12. Ni sahihi kabisa. Mimi naona namba nzima zikiwa kubwa njia hiyo inachosha bure. Chukua 27 na 5/8 ujumlishe na 14 na 1/6. Kwa sehemu guni utahangaika na 663/24 na 340/24. Ukiziacha 27 na 14 zikae pembeni, zinakuwa 41, halafu 15/24 na 4/24 ni 19/24. Umemaliza. Ila usisahau kubeba 1 jumla ya sehemu ikifika au kuzidi 1. Hapo ndipo yeye hunikamata mara nyingi.

Futikamba nayo ina mwisho wake. Kwa nusu, theluthi, robo, sita na tisa, 36 inagawanyika vizuri. Siku moja alileta 3 na 3/5 kujumlisha na 2 na 5/6, nikakwama, maana moja ya tano ya yadi ni inchi 7 na videsimali. Tulirudi kwenye KDS ya 5 na 6, ambayo ni 30: 18/30 na 25/30 ni 43/30, jibu 6 na 13/30. Siku hiyo niliona kwa nini shule haiwezi kumfundisha mtoto kwa inchi peke yake.

Kitu kingine ninachofanya sasa kabla ya kushika kalamu ni kukadiria. Robo tatu inazidi nusu. Theluthi mbili inazidi nusu. Kwa hiyo jumla lazima izidi moja, na jibu langu lazima lipite 4. Ile 3 na 5/7 ningeikataa kwa macho tu, kitambaa kikiwa bado dukani.

Juzi kina mama wa kwaya wamerudi. Wanataka vikoti vyenye mikono sasa, vya rangi ya maziwa, vya kuvaa juu ya magauni yaleyale. Nimempa binti yangu kalamu. Ameandika 1⅔ mara sita: 6, na 12/3 ambazo ni 4, jumla yadi 10. Mimi nimepiga kwa inchi: 60 mara 6 ni 360, gawanya kwa 36, yadi 10. Leo asubuhi wameleta kitambaa, nami nimekipima mbele yao, yadi kwa yadi, mpaka ya kumi.