Gari ya manyuo, shida iko mguu wa kushoto

Siku hizi mtu akiwa na IST ya oto, ile inayobadili gia yenyewe, anasema anajua kuendesha, sawa anajua, ila mpe Canter ya mchanga ya manyuo, ya kubadili gia mwenyewe, uone anavyohangaika na miguu. Kuanzia kushoto kuna klachi, breki, moto yaani pedeli ya mafuta, hata kwenye zile gari za usukani wa kushoto mpangilio ni huohuo. Mguu wa kulia unahudumia breki na moto, wa kushoto ni klachi tu, basi.

Na klachi ndo inayosumbua watu. Injini ikishawaka inatakiwa izunguke muda wote, ikilazimishwa kwenda polepole sana inazima, sasa gari itasimamaje kwenye foleni wakati injini imeshikana na matairi? Ndo kazi ya klachi pleti, iko kati ya injini na giaboksi, ukikanyaga inaachia, ukitoa mguu inabanwa inashika. Wanaoanza wanatoa mguu wote kwa mpigo, gari inaruka inazima, afu wanalaumu gia. Toa taratibu mpaka usikie mlio wa injini umeshuka kidogo na gari inatetema kama inataka kwenda, hapo ndo kwenye balansi, tulia hapohapo, ongeza moto kidogo, ikishatembea ndo umalizie kuachia. Mi ningekuwa mwalimu ningekomaa na hiki tu kwenye uwanja mtupu, gia ya pili tungeikuta baadaye.

Kwenye kusimama anza na breki, klachi ije mwishoni gari ikikaribia kuzima. Ukiwahi klachi injini haikusaidii tena kuizuia gari, na ukiwa unashuka mlima Kitonga kule Iringa hilo si la mchezo, breki zinabeba mzigo peke yake, zikichemka zinakosa nguvu. Ndo maana malori pale yanashuka na gia ndogo yananguruma. Wale wa kuweka fri, yaani kutoa gia kabisa, mteremkoni eti wanabana mafuta sijui nani aliwadanganya, injini nyingi za kisasa ukitoa mguu kwenye moto gari ikiwa kwenye gia zinakata mafuta zenyewe.

Kingine, ukishabadili gia ondoa mguu juu ya klachi uweke pembeni. Kuegesha tu pale kunakula pleti na beringi, na kubadilisha pleti lazima giaboksi ishushwe chini, hapo fundi anakupigia hela ya kushusha na ya kupandisha. Na ndala acha nyumbani, zinanasa chini ya breki.