Vile vidole vingine

Tangu Jumatatu nimekuwa nikiisikia sauti ya Bibi wa michungwani kila ninapopanda kitandani, na kwa kuwa Baba Neema ameshanisikiliza vya kutosha, naliweka jambo hili hapa, kwa ninyi mnaomfahamu Bibi huyu tangu nilipoandika kuhusu siku aliyorudishwa nyumbani kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam.

Utaratibu wetu sisi wa tiba shufaa, tunaowapunguzia maumivu majumbani wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mnaujua. Tukifika kwa mgonjwa, baada ya shikamoo na habari za kuamka, tunamwomba atuonyeshe maumivu kwa mkono: ngumi ikiwa hayapo kabisa, kidole kimoja yakiwa madogo, na mkono wote uliokunjuliwa yakiwa yamepita uwezo wake wa kuvumilia. Ni kipimo kizuri, maana hakihitaji kusoma wala kuandika, na hata aliyeishiwa nguvu za kusema anaweza kuinua vidole. Jumatatu nilimwuliza kama kawaida, "Vingapi leo, Bibi?" Akainua viwili. Nilifurahi, kwa sababu wiki mbili kabla ya hapo vilikuwa vinne, nikainama kuandika. Naye, bila kuushusha mkono, akasema, "Hivi ni vya mwili, mwanangu. Vile vingine hujawahi kuviuliza."

Nilipaswa kuiweka kalamu chini. Badala yake nilitazama nje, nikaona wingu limeshuka upande wa milima ya Amani, nikakumbuka kwamba nina nyumba mbili ng'ambo ya mto na kwamba vuli ikinyesha pikipiki haikipandi kile kilima cha udongo mwekundu, nikamwambia, "Tutavizungumza Alhamisi, Bibi, Mungu akipenda." Akaitikia, "Haya." Kisha akavikunja vile vidole viwili, kimoja baada ya kingine, akauingiza mkono ndani ya kanga.

Hilo "haya" nimeligeuzageuza wiki nzima. Iko haya ya kuridhia, iko haya ya kumruhusu mtu aende zake, na iko haya ya mwenye nyumba anayeurudisha mlango polepole ili mgeni asijue kuwa amefungiwa. Nimejaribu kuikumbuka sauti yake ilivyokuwa, na kila nikiikumbuka inanijia kwa namna nyingine. Wiki hii wakaguzi wa mkoa wamekuja na kuondoka, mkuu wetu wa kitengo ameagwa baada ya utumishi wa miaka 31, na jana, Jumamosi ya pili ya Oktoba, tumeadhimisha siku ya tiba shufaa duniani kwa maandamano hadi stendi; mimi nilishika bango mbele kabisa, huku moyoni nikiwa bado nimeketi kwenye kile kigoda kando ya kitanda cha Bibi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba sikuwa sijui. Mafunzoni tulisomeshwa habari za Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akawa afisa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari ili aweze kuwatunza wanaokaribia kufa, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's kule London. Ndiye aliyetufundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii ni ya jumla: yamo ya mwili, yamo ya hofu na majonzi, yamo ya watu wa nyumbani na fedha, yamo ya mtu na Mungu wake, na kila moja huyachochea mengine. Niliyaandika hayo yote daftarini, nikayajibu kwenye mtihani. Halafu mwanamke mwenye umri wa kunizaa mara mbili, ambaye hajawahi kulisikia jina la Saunders, akaniambia jambo lilelile kwa mkono wake mwenyewe, nami nikatazama wingu.

Sisemi kwamba vidole vya mwili ni vidogo. Mlisoma nilivyomkuta mwezi Agosti, saratani ya mlango wa kizazi ikiwa imeshasambaa, akilala kwa kuketi, na harufu ya kidonda ikiwa imewazuia majirani kuvuka ua. Vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria, tulivyovisaga na kuunyunyiza unga wake kwenye kidonda viliipunguza harufu ile ndani ya siku chache, na wanawake wenzake wakaanza tena kuja kukaa naye. Mofini ya maji, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, kila baada ya saa nne, na ile ya kulalia ikiwa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane, ndiyo iliyomlaza ubavu. Mkwe wake alipokuja kutoka Dar es Salaam na kuniuliza mbele ya watu kama mimi ndiye ninayemletea mama dawa ya kufia, nilimjibu kwa heshima kwamba nimemletea dawa ya kulalia, na ningemjibu hivyohivyo hata leo. Nayaheshimu sana mapambano yaliyoifikisha dawa hii kwenye vitanda vya kamba. Dkt. Anne Merriman alianzisha shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda pale Kampala mwaka 1993, na ilipofika mwaka 2004 Uganda ikabadili sheria ili wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa waruhusiwe kuiandika mofini, kwa sababu madaktari walikuwa mjini na maumivu yalikuwa vijijini. Lakini mwili ukishatulia, mtu hupata nafasi ya kuyasikia yale mengine. Nadhani hicho ndicho kilichompata Bibi. Dawa niliyompa mimi ndiyo iliyomfungulia mlango, kisha mimi mwenyewe sikuingia.

Jumatano mvua ilinyesha tangu saa sita mchana. Nilikuwa nimemtuma kijana wetu wa bodaboda ampelekee Bibi pamba, gozi na vidonge vya kulainisha choo, ambavyo hatumwachi mtu kwenye mofini bila kuwa navyo, naye hakurejea hadi magharibi. Nilipomuuliza alisema njia ilikuwa imekatika, akakaa kibarazani kwa Bibi kusubiri maji yapungue.

Alhamisi nilifika mapema, nikamwagiza kijana asinisubiri na injini ikiwaka. Nikaamkia, nikaketi, nikaliacha begi bila kulifungua. "Vingapi leo, Bibi?" Akanionyesha ngumi. Nilidhani hakunielewa, nikamwuliza tena, akainua ileile ngumi. Nikasema, "Na vile vingine? Leo nimekuja kuviuliza." Alinitazama bila kinyongo chochote, jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyechelewa chakula, akasema, "Nimeshampa aliyekuwa na nafasi."

Njiani nilimuuliza kijana. Akasimamisha pikipiki pembeni kabisa, akavua kofia yake, akasema, "Dada, amenikataza." Sikumuuliza tena, wala sitamuuliza.

Niliporudi nyumbani nililia kidogo, sitawaficha. Halafu usiku, nikihamisha taarifa kutoka kwenye daftari la mjukuu wa Bibi, yule binti wa kidato cha pili anayeandika kila tone la dawa kwa mwandiko mzuri kuliko wa hospitali yoyote, niliona jambo. Dozi za ziada, zile za maumivu yanayochomoza kabla ya saa kufika: Jumatatu tatu, Jumanne tatu, Jumatano moja saa tano asubuhi, kisha mstari mtupu hadi Alhamisi nilipobisha hodi. Pembeni binti ameandika, "Amekunywa uji wa ulezi kikombe kizima, ameomba na maji ya kuoga." Ninajua kwamba choo kilikuwa kimefunguka Jumanne, na hilo peke yake humletea mgonjwa nafuu kubwa, kwa hiyo siwezi kusema kwamba ni mazungumzo yaliyofanya kazi. Hata hivyo nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Kijana asiye na fomu, asiye na cheti, aliyezuiwa na mvua kwenye kibaraza, alimsikiliza mgonjwa wangu mchana kutwa na hakuangalia saa, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Uchungu niliokuwa nao ukageuka, nikawa namfurahia Bibi kwa furaha ambayo sijaipata kazini tangu mwaka huu uanze. Kesho nitamwomba mkuu mpya wa kitengo amwingize kijana kwenye mafunzo ya wahudumu wa kujitolea, ikiwa mwenyewe atapenda, na ratiba yangu ya Jumatatu nimeipunguza nyumba moja. Ile nyumba iliyoondolewa itabidi niiendee Jumapili, na Baba Neema ameshakubali.

Lakini usingizi bado haujaja, na leo sababu ni nyingine. Ijumaa nilipita kwa yule mzee wa ng'ambo ya reli, nikakuta kifuniko cha chupa yake ya mofini kimepasuka na mkewe ameihamishia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaiweka dirishani. Nilimwelekeza, akaifungia kabatini mbele yangu, na nikamwahidi chupa nyingine. Kampala wanaitia dawa rangi, kijani kwa ile nyepesi, ili mtu asiidhanie maji. Nami usiku huu nawaza kwamba kwa mtoto wa miaka mitatu rangi ya kijani ni soda tu, na ndani ya nyumba ile yumo mmoja wa miaka mitatu, mpanda viti, ambaye Ijumaa alikuwa akinifuata kila mahali na kutaka kujua ndani ya begi langu kuna nini. Sikumbuki kama kabati lile lilikuwa na ufunguo. Nimempigia mama yule mara nne tangu jioni na simu yake imezimwa. Nitatoka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya zamu.