Siku yangu moja na vitwitwi wa Aktiki

Shangazi yangu wa Kilifi akipiga simu swali ni lilelile: "Mwanangu, kweli wanakulipa utazame ndege?" Wanalipa, shangazi. Kidogo.

Niko Utqiaġvik, ncha ya kaskazini ya Alaska, mji wa Wainupiat ambao hadi 2016 uliitwa Barrow. Ni Juni. Jua halijatua tangu Mei na halitatua hadi Agosti.

Saa moja asubuhi: uji, buti za mpira za kufika mapajani, darubini, chupa ya chai. Mwenzangu anabeba bunduki kwa sababu ya dubu weupe.

Saa mbili tunaanza kukokota kamba kutafuta viota vya vitwitwi, ndege wadogo wa majimaji. Kila mtu na ncha yake, tunakwenda sambamba, kamba inapapasa nyasi na ndege anayeatamia anaruka. Chini ya nyasi kuna maji, chini ya maji kuna barafu. Tukipata kiota tunatia yai kwenye maji: lililotagwa juzi hulala chini, lililoatamiwa siku kadhaa husimama, lililokaribia kuanguliwa huelea. Ndivyo tunavyokadiria vifaranga watatoka lini.

Saa tano na nusu namwona falaropi mwekundu, kitwitwi anayeogelea; ni dume. Kwa ndege hawa jike ndiye mwenye rangi kali, na ndiye anayegombania waume. Akishataga mayai yake, kwa kawaida manne, humwachia dume aatamie peke yake. Huyu ametoka kula, nami natakiwa nione anarudi wapi. Basi nalala kifudifudi kwenye unyevu.

Anazunguka majini, anadonoa, anazunguka tena. Anapanda ukingoni. Anajikuna. Anarudi majini! Skua, mwizi wa mayai, anapita juu, na dume anajibana hadi mwizi aende zake. Vidole sivisikii. Anaingia nyasini, moyo unatulia, kumbe anatokea upande wa pili na kuanza kula upya, bila haraka yoyote, mjane wa kujitakia. Redio inaniita, nanong'ona: bado. Mkate mfukoni umekuwa mgumu, nautafuna hivyohivyo. Saa nimeacha kuitazama.

Anaingia tena. Hatoki. Nainuka bila kubandua jicho kwenye kile kishungi cha nyasi, nakwenda moja kwa moja, na wapo: mayai manne yenye madoa, ncha zimeelekea katikati. Daftarini, kazi yote hiyo ni mstari mmoja. Mstari wangu.

Kambini ni kuandika takwimu, kula, kuanika soksi. Nje dume wa kitwitwi mwingine, Calidris melanotos kwa jina la kisayansi, anajaza hewa kifuani na kuvuma akitafuta jike. Utafiti uliofanyika hapahapa, ukachapishwa 2012, ulionyesha kwamba madume waliolala kidogo zaidi ndio waliopata watoto wengi, na mmoja alikuwa macho zaidi ya asilimia 95 ya muda kwa siku 19. Hongera zake. Mimi nafunga pazia zito. Kesho kamba tena.